Kupe wanajaa Mei, sungura wanaonekana wameambukizwa Oktoba. Nakosea wapi?

mkia_pamba

Wakuu habari zenu. Swali langu ni la kitaalamu kidogo ila naamini humu kuna watu wa wanyama na watu wa maabara. Nipo kwenye mradi wa masomo Marekani, tunakamata sungura pori wale wenye mkia mweupe kama pamba (Sylvilagus) kwa mitego ya boksi kila mwezi, tunawapima uzito, tunawatoa damu kidogo, tunawang'oa kupe masikioni afu tunawaachia. Pembeni ya hapo tunaburuta kitambaa cheupe kwenye majani kuhesabu kupe wanaosubiri kudandia.

Sasa grafu ya kitambaa inapanda Mei na Juni afu inashuka, sawa, hiyo naielewa. Ila grafu ya sungura wenye kingamwili (tularemia, yaani homa ya sungura, na Borrelia, bakteria ya ugonjwa wa Lyme, nimeziunganisha, nikaiita tu "maambukizi ya kupe") iko chini Julai na inapanda Oktoba mpaka Novemba, wakati ambao kitambaa hakishiki chochote, afu ndo inashuka. Msimamizi wangu kaiangalia akasema "inavutia", basi, akaondoka. Nakosea wapi? Au kuna kupe wa baridi nisiowajua?

---

seramu_tu

Mkuu hujakosea kupima, umekosea kusoma. Kingamwili ni kovu. Ukimwona mtu ana kovu unajua alishakatwa, hujui alikatwa lini. Sungura wa Oktoba mwenye kingamwili anaweza kuwa aling'atwa Juni, na kwa kuwa kingamwili hazitoki mwilini kwa haraka, zinajikusanya kwenye kundi miezi yote ya kupe na wewe unakuja kuziona mwishoni.

Afu fikiria Julai kuna nini. Sungura hawa mimba yao ni kama siku 28 tu na wanazaa mara kadhaa kuanzia mwanzo wa machipuko mpaka kama Septemba, kwa hiyo Julai mitego yako imejaa watoto wa wiki kadhaa ambao hawajang'atwa na kitu. Wakubwa wenye makovu bado wapo ila wamezidiwa idadi, asilimia inashuka wakati maambukizi yenyewe ndo yanachemka. Hiyo bonde yako ya Julai ni watoto. Tenganisha kwa umri kabla hujafanya kitu kingine chochote, una uzito tayari, ukiwa na urefu wa wayo wa mguu wa nyuma ni bora zaidi.

Na angalia pia watoto wadogo kabisa wa Mei. Sungura mama anampa mwanae kingamwili akiwa bado tumboni, zinakaa wiki chache zinaisha. Ukikuta kitoto kina kingamwili usikimbilie kuandika kimeambukizwa, inaweza kuwa ni za mama.

---

lava_na_tunutu

Naongezea upande wa kupe, maana hapo kwenye kitambaa ndo nimecheka kidogo, samahani. Kitambaa kinakuonyesha kupe wanaopenda kudandia chochote kinachopita, akina Dermacentor wakubwa na tunutu (kupe wa hatua ya kati) wa Ixodes, ndo maana kinapanda Mei na Juni. Kupe wa sungura mwenyewe, Haemaphysalis leporispalustris, ana kalenda yake. Watu hang'ati kabisa au mara chache sana, yeye ni sungura na hare (binamu wa sungura), na akiwa mdogo ndege wanaotembea chini. Hatua zote tatu, lava (aliyetoka kwenye yai), tunutu na mkubwa, anaweza kunyonya sungura, na lava wake wanajaa mwisho wa joto kuelekea Oktoba. Hebu nijibu, Oktoba masikioni unakuta nini?

Kuna jambo moja la huyu kupe ambalo mimi huwa nalipenda. Sungura anatembea usiku, mchana analala kwenye kishimo chake kwenye majani. Kupe akishashiba haanguki ovyo, anasubiri mchana, anaanguka pale pale sungura alipolala. Anajibadili hapo hapo chini na akiwa tayari kunyonya tena, sungura yupo juu yake au karibu. Kitambaa chako kinapita katikati ya majani marefu, kupe wamejazana kwenye malazi. Miaka niliyoburuta kitambaa hawa nilikuwa napata wawili watatu, wakati sikio moja lina ishirini.

Na kupe akinyonya bakteria ya tularemia akiwa lava, anabaki nayo akiwa tunutu na akiwa mkubwa. Yaani damu mbaya aliyoinyonya Septemba inavuka baridi ndani yake na inatoka machipuko. Baridi ni mapumziko tu, sio mwisho.

---

jembe_la_zamani

Mimi sio msomi ila nimefuatilia mambo ya uwindaji muda mrefu. Wawindaji wa kule wana kanuni ya zamani kwamba sungura usimguse mpaka baridi kali ya kwanza ipige, kwamba baridi inaua ugonjwa. Si ndo inaelezea grafu kushuka baada ya Novemba?

---

seramu_tu

@jembe_la_zamani mzee wangu, kanuni ina ukweli nusu. Baridi inatuliza kupe na nzi, na sungura aliyeumwa kweli tularemia ameshakufa kabla hujamwona, kwa hiyo wanaobaki wana afya zaidi. Ila baridi haiui bakteria. Francisella tularensis inakaa kwenye nyama iliyogandishwa muda mrefu sana ikiwa hai, kinachoiua ni moto, nyama iive mpaka ndani. Zamani Marekani wagonjwa wengi walikuwa wa msimu wa baridi, watu waliochuna sungura kwa mikono mitupu. Mwaka 1939 walirekodiwa 2,291. Siku hizi ni mamia tu kwa mwaka na kilele kimehamia Mei mpaka Agosti, kwa sababu wengi sasa wanaipata kwa kupe na nzi. Yaani ugonjwa ule ule una misimu miwili kwa binadamu, inategemea umeupatia mlango gani.

Na usiipeleke kanuni hiyo Ulaya. Kule kuna Dermacentor reticulatus, mkubwa wake anatembea kuanzia vuli mpaka machipuko, baridi ikilegea kidogo tu anapanda majani kutafuta mnyama.

Sasa @mkia_pamba nirudi kwako, kosa kubwa kuliko yote umelisema kwenye mabano kama vile si kitu: umeunganisha tularemia na Borrelia. Borrelia haimuui sungura, anaishi nayo, kingamwili zinaongezeka kadri anavyokua, kwa hiyo grafu inayopanda Oktoba ni ya kawaida kabisa. Tularemia aina A, ile ya Amerika Kaskazini, ikimpata sungura wa mkia wa pamba mara nyingi anakufa ndani ya wiki moja hivi. Maiti haiingii kwenye mtego. Kwa hiyo kingamwili za tularemia ulizopata ni za wachache waliopona, na mwezi ambao ugonjwa umewapiga vibaya zaidi unaweza kuonekana kwenye grafu kama mwezi msafi. Grafu mbili zinazosomwa kinyume, wewe umezijumlisha, unategemea nini?

---

mkia_pamba

Aisee. Nimekaa nimeisoma hii mara tatu. Nimezitenganisha usiku huu na kweli ule mlima wa Oktoba karibu wote ni Borrelia, na karibu wote ni wa sungura wazito. Tularemia ni vidoti vichache vimetawanyika hata mstari hauchoreki.

@lava_na_tunutu Oktoba masikioni ni vumbi, kwenye ule mkunjo wa pembeni ya sikio kunakuwa kama mtu amemwagia ufuta, nilikuwa nafikiri ni uchafu mpaka nilipoweka lenzi nikaona miguu. Na sikuwahesabu kwa sababu fomu ina nafasi ya "kupe wakubwa" tu. Wale wakubwa wa Mei waliovimba kama mbegu za nyonyo ndo nilikuwa nawahesabu vizuri, mmoja nilimpasua kwa kucha nione kama ni damu tu au ana mayai.

---

lava_na_tunutu

Umempasua kwa KUCHA??

Dada/kaka sijui wewe ni nani ila hii tuisimamishe kwanza. Tularemia bakteria kumi mpaka hamsini zinatosha kukuangusha, na zinaingia hata kwenye mchubuko ambao huuoni. Glovu kila mara, kibano chenye ncha nyembamba, unavuta taratibu bila kubinya tumbo, hupasui kupe yeyote. Na ukimkuta sungura amezubaa, hakimbii, unamkamata kama paka, huyo usimshike kabisa. Aliyekufa usimpasue nje, ini na bandama zenye vidoti vyeupe ndo dalili yenyewe, kaone kwenye maabara yenye kinga sio mezani kwako. Ukipata homa ya ghafla na kidonda au tezi imevimba, mwambie daktari neno "sungura" na neno "kupe" kabla hajakuandikia penisilini, maana kwenye huu ugonjwa haifanyi kazi, wanatumia jentamaisini au doksisaiklini.

Ilikuwa lini hiyo?

---

mkia_pamba

Mei, mkuu, miezi imepita, nipo mzima. Glovu nimeelewa.

Swali la mwisho. Naona sasa ninachohitaji ni vinasaba vya bakteria ndani ya kupe wenyewe, mwezi kwa mwezi, ndo nijue maambukizi yanatokea lini badala ya kuhesabu makovu. Kupe wote nimewatunza tangu Machi, kila mwezi chupa yake, ndani ya fomalini.

---

seramu_tu

Fomalini...

---

lava_na_tunutu

Pole sana. Fomalini inaharibu vinasaba, wa Machi mpaka leo watakusaidia kuwatambua kwa sura na hatua tu, ambayo bado ni kazi, usiwatupe. Kuanzia kesho ni ethanoli, asilimia 70 inatosha, 95 ni bora, chupa iwe na ethanoli nyingi kuliko kupe. Na hao ufuta wa Oktoba weka kwa makundi, chupa moja kwa sungura mmoja, usiwachanganye, utanishukuru wakati wa kuhesabu.

---

mkia_pamba

Mitego inafunguliwa Jumatatu. Nimeshaomba ethanoli, na fomu nimeongeza safu mbili, lava na tunutu.