Luku ya Nyumba ya Ujiji

Jumatano

18:52 Shangazi Mwamvua: Assalaam alaykum wanafamilia. Mita ya umeme inalia tangu alasiri, zimebaki uniti 4. Mchango wa mwezi huu wametoa wawili tu, nawajua na wenyewe wanajijua.

18:53 Shangazi Mwamvua: Na ile elfu 5 tuliyopanga 2016 haitoshi tena. Kuanzia mwezi huu kila mlango elfu 10. Maisha yamepanda jamani, sijayapandisha mimi. Tumeni kwenye namba yangu ya siku zote.

19:20 Shangazi Mwamvua: Mmesoma watu 17. Kimya.

19:31 Zuberi: Waalaykum salaam shangazi, shikamoo. Niko porini huku mtandao unasumbua

19:31 Mama Shani: Porini gani mwanangu, si umejipiga picha saa hizi uko Mwanga hapa mjini na mishikaki

19:32 Zuberi: 😂😂 mishikaki ya porini hiyo

19:40 Salumu: Shikamoo shangazi. Ila umeme haujapanda. Bei ya uniti ni ile ile tangu Aprili 2016.

19:41 Shangazi Mwamvua: Marahaba. Haujapanda vipi? Tulikuwa tunaweka elfu 10 inakaribia kumaliza mwezi. Sasa hivi hata wiki mbili hazifiki.

19:46 Salumu: Kipindi kile tulikuwa hatuzidishi uniti 75 kwa mwezi. Uniti moja shilingi 100, ukiweka kodi na tozo 122. Uniti zote 75 ni 9,150. Tulipoanza kuzidisha tukahamishiwa kwenye bei ya wakubwa, 292, na makato yake 356. Elfu 10 hiyo hiyo inatoa uniti 28. Na hapo hujatoa kodi ya majengo 1,500 ya kila mwezi.

19:47 Mama Shani: Hapo kuna mtu anatafutwa

19:47 Salumu: Sijamtaja mtu mama mdogo

19:48 Mama Shani: Friji yangu imewakaa kooni siku nyingi. Barafu mnakula lakini.

19:49 Zuberi: Za ubuyu tunalipia, usitusingizie

19:50 Shangazi Mwamvua: Wifi hatuongelei friji peke yake. Chumba cha nyuma kuna jagi linachemsha maji ya kuoga ya watu wanne. Zuberi anapiga pasi mpaka soksi. Taa ya nje inawaka hadi saa tatu asubuhi, sijui tunamulikia nani.

19:51 Zuberi: Soksi isiyopigwa pasi haina heshima

19:52 Shangazi Mwamvua: Mchango wako wa mwezi uliopita uko wapi?

19:58 Shangazi Mwamvua: Zuberi?

20:10 Mama Shani: Kama ni kudaiana tuanze na lile jenereta.

20:10 Shangazi Mwamvua: Wifi tafadhali.

20:11 Mama Shani: Nasema tu. Tulichanga wote, likaishia Kasulu, hela hatukuiona. Wenye baba zao wanajua.

20:12 Zuberi: Mama Shani mzee wangu amelala, mwache apumzike

20:12 Mjomba Hamisi: Ujumbe huu umefutwa

20:13 Zuberi: Mjomba nimeshausoma

20:41 Halima Marekani: Assalaam alaykum, ndo natoka kazini. Shikamoo mama mkubwa, shikamooni wote. Huku nako ni kilio cha petroli, Juni 2022 galoni ilipita dola 5. Ila kuna mwalimu alituonyesha hesabu chuoni. 1981 galoni ilikuwa dola 1.38. Ukiigeuza kwa thamani ya pesa ya sasa inapita dola 4. Maana yake kuna miaka hii ya karibuni watu wamelalamika huku wanalipa pungufu kuliko wazazi wao.

20:42 Zuberi: Halima ukimaliza kugeuza hizo dola zigeuzie na huku kwenye Luku

20:45 Salumu: Ndicho ninachosema. Elfu 5 ya 2016 ukienda nayo sokoni leo hairudi na kapu lile. Kwenye mita bado inakupa uniti 14 kwa hiyo bei kubwa, kama zamani. Petroli ndo kesi nyingine, inanunuliwa kwa dola. 1980 dola ilikuwa kama shilingi 8, leo ni elfu mbili na mia kadhaa. Agosti 2022 Ewura, wale wanaopanga bei ya mafuta, walitangaza Dar 3,410 kwa lita, na sisi Kigoma huwa tunazidi kwa ajili ya usafiri.

20:46 Mama Shani: Na mkaa je profesa

20:46 Salumu: Mkaa hauna Ewura

20:47 Zuberi: 😂😂😂

20:49 Shangazi Mwamvua: Uniti 3. Mnacheka.

21:05 Nuru: Shikamooni. Nimemsomea Babu zote. Anasema niandike anavyosema nisipunguze.

21:11 Nuru: "Mafuta nimeyaona yakipanda tangu 1973, Waarabu walipopigana na Israel. Pipa lilikuwa dola 3, mwaka uliofuata likakaribia 12. 1979 yakaja mapinduzi ya Iran, na sisi hapa vita ya Kagera. Ikafika mahali Jumapili kuanzia saa nane mchana gari binafsi marufuku barabarani. Mimi sikuwa na gari, nilikuwa na karabai, taa za kuvulia dagaa. Mtumbwi mmoja karabai nne, zinanguruma usiku kucha, unapiga pampu mpaka kiganja kinatoka malengelenge. Zikila mafuta ya taa kuliko dagaa waliopatikana, asubuhi nashuka Kibirizi na deni. Mwezi mpevu hatutoki kabisa. Nyote mmesomeshwa hivyo."

21:12 Salumu: Shikamoo babu. Na 2011 wakapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita, kuzuia kuchakachua dizeli. Nadhani ndo

21:12 Shangazi Mwamvua: Salumu subiri Baba amalize.

21:16 Nuru: "Jenereta niliuza mimi. Hela ilimpeleka mama yenu Dar kutibiwa. Aliniambia nisiseme, sikusema. Baba yake Zuberi alilipeleka Kasulu kwa sababu nilimtuma. Nisisikie tena jina lake kwenye jambo hili. Friji itafutiwe mita yake. Ndani ya nyumba yangu hakuna wa kukaa giza kwa elfu 5." Amesema basi, anaenda kuswali.

21:38 Mjomba Hamisi: Tumesikia Baba.

21:39 Halima Marekani: Tumesikia babu

21:52 Mama Shani: Nimesikia Baba. Zuberi mwanangu nisamehe.

22:04 Zuberi: Yameisha mama. Nimetuma elfu 3 kwa sasa

Alhamisi

06:15 Shangazi Mwamvua: Nimeweka elfu 10 yangu ya mfukoni, nimepata uniti 28. Wifi mita mpya anaomba nani, wewe au Hamisi? Kitambulisho kinatakiwa na fundi wa waya mwenye leseni.

07:50 Mama Shani: Baba Shani akirudi mwaloni nitamuuliza. Gharama ya kuunganisha ni ya nani lakini? Babu hakusema.

07:52 Salumu: Friji ikitoka tukakaa chini ya 75 tunaweza kuomba turudishwe bei ndogo. Hapo hata elfu 5 inabaki

07:53 Shangazi Mwamvua: Ikitoka. Mpaka itoke ni elfu 10.

09:30 Mjomba Hamisi: Fundi ninaye, ila Jumamosi yuko Uvinza.

09:31 Shangazi Mwamvua: Jumapili?

12:47 Zuberi: Shangazi ile elfu 3 imefika?