Tupeane uzoefu: Njia tulivu za baiskeli katikati ya mizabibu na vijiji vya kale

Mwendo Pole (Strasbourg, Ufaransa)

Wakuu, habari za Jumapili.

Huu ni mwaka wangu wa sita Strasbourg, na mitatu ya mwisho nimeimalizia juu ya baiskeli, tangu goti likatae mpira. Nikiwaambia ndugu zangu wa Kilosa kwamba leo nimepiga kilomita 60, swali ni lile lile: "Ulikuwa unapeleka nini?" Kwetu baiskeli ni gunia la mkaa na kreti za soda. Mtu azunguke kutwa nzima hana mzigo, hana msiba, kisha arudi pale pale alipotoka? Hawanielewi kabisa. Ndiyo maana nafungua uzi huu, nipate wenzangu wa ugonjwa mmoja.

Mada ni barabara zisizo na magari, zinazokatiza mashamba ya zabibu na vijiji vya zamani. Simulia ulipopita na kilichokukuta. Picha ruksa, ila za baiskeli iliyoegemezwa ukutani tumezichoka.

Naanza mimi, na naanza na kosa. Mara ya kwanza nilifuata vibao vya Route des Vins, yaani Njia ya Mvinyo ya huku Alsace. Njia hiyo ilizinduliwa mwaka 1953, inatoka Marlenheim hadi Thann, kilomita 170 hivi, na ni ya watu wenye magari. Mwezi wa nane ni mabasi ya watalii, pikipiki, na zile gari za kulala ndani zinazoziba barabara nzima. Nilifika Obernai mabega yamekakamaa kwa kuogopa vioo vya pembeni. Nimekaa kwenye ukingo napumua, mzee mmoja mkulima akaniuliza huku chini natafuta nini. Hakusubiri jibu, akanyoosha kidole juu, kwenye mteremko wa mizabibu.

Kumbe kule juu kuna vijia vyembamba vya lami vya matrekta, vinaunganisha kijiji na kijiji, na waendesha baiskeli wamewekewa vibao vyao: Véloroute du Vignoble (njia ya baiskeli ya mizabibu), kipande cha EuroVelo 5, moja ya njia za baiskeli zinazovuka Ulaya, ile ndefu inayoshuka hadi Italia. Tangu siku hiyo ile ya magari sijaigusa. Ukiwa kule unausikia mnyororo wako mwenyewe. Wakati wa baridi unasikia mikasi ya watu wanaopogoa, hata kabla hujawaona.

Kipande ninachokipenda ni Ribeauvillé, Hunawihr, Riquewihr, halafu Kaysersberg. Kutoka Ribeauvillé hadi Riquewihr ni kama kilomita 5 tu, ila vilima vyake ni vifupi na vikali, vinachoma mapaja. Hunawihr ina kanisa lililozungushiwa ukuta kama boma, na Wakatoliki na Waprotestanti wanasali humo humo kwa kupokezana. Watalii wengi wanapitiliza kwenda Riquewihr, kwa hiyo Hunawihr unaweza kukaa nusu saa usikutane na mtu, zaidi ya korongo weupe wakitua kwenye viota vyao juu ya mapaa. Riquewihr yenyewe ni nzuri kweli, lakini pita kabla ya saa 4 asubuhi. Baada ya hapo utaikokota baiskeli katikati ya watu kama uko Kariakoo.

Kaysersberg ndiko alikozaliwa Albert Schweitzer, mwaka 1875, yule daktari wa Lambaréné, Gabon, aliyepewa Nobeli ya Amani ya 1952. Wengi wetu tuna neno naye kwa namna alivyowaona Waafrika kama wadogo zake wa kulelewa. Lakini siku ile, nimekaa kwenye daraja la mawe nakula bretzel, ule mkate wa kusokotwa wenye chumvi, nilicheka peke yangu: yeye alitoka hapa akaenda kwetu, mimi nimetoka kwetu nimekuja kuhangaika na vilima vyake.

Kwa anayeanza: usianze na vilima. Toka Strasbourg ufuate mfereji wa Bruche kuelekea Molsheim. Vauban, mhandisi wa kijeshi wa mfalme Louis wa 14, aliuchimbisha mwaka 1682 ili kusafirishia mawe ya ngome ya mji. Meli hazipiti tena, njia ni tambarare, kivuli tele. Ukichoka, Molsheim kuna treni.

Bint Shangani (Freiburg, Ujerumani)

Ahsante kaka Mwendo kwa uzi. Nami nichangie, maana watu wakisikia mizabibu wanadhani lazima uwe mnywaji. Mimi sinywi, na sijaona nilichokikosa. Mahodhi ya vijijini tu muyaangalie: pakiandikwa *eau non potable*, maji hayo si ya kunywa, hata yawe yanang'aa vipi. Na zabibu za watu msizichume. Ni wizi, na pia hujui zimepuliziwa dawa lini.

Safari yangu ilikuwa ya Oktoba. Nilivuka mto Rhine pale Breisach kuingia Ufaransa, nikapita mji wa Colmar, nikakusudia Kaysersberg. Kabla ya kufika, nikiwa Sigolsheim, nikaona bendera juu ya kilima katikati ya mizabibu. Nikapanda kwa kuikokota baiskeli, siwadanganyi. Huko juu ni makaburi ya wanajeshi wa jeshi la Ufaransa waliokufa katika vita vya kuikomboa Colmar, baridi ya 1944 kuingia 1945. Wamelala zaidi ya 1,500, na sehemu kubwa yao ni watu wa Maghreb. Kaburi baada ya kaburi, jiwe limechongwa kwa umbo la mihrabu, jina la Kiarabu, limeelekezwa kibla.

Sikuwa nimejua. Nimeishi saa moja kutoka hapo miaka minne na hakuna aliyenambia. Nikavua helmeti, nikasoma Fatiha, nikakaa. Chini unaiona Sigolsheim, na ukiitazama vizuri utaona nyumba zake si za kale kama za Riquewihr. Kijiji kilipigwa hadi kikabaki vifusi, na hivyo hivyo Bennwihr na Ammerschwihr za jirani. Riquewihr ilinusurika. Kwa hiyo mtu akikwambia "pita vijiji vizuri tu", mwambie na hivi vilivyojengwa upya vina habari yao.

Kaysersberg sikufika siku ile.

Mwendo Pole

Dada, nimepita chini ya kilima hicho si chini ya mara kumi na sijawahi kupanda. Wiki ijayo naenda.

Njiti Thelathini na Sita (Koblenz, Ujerumani)

Mkitaka tambarare njooni bonde la mto Mosel. Njia inafuata mto, kijiji kiko huku, mizabibu iko kule kwenye ukuta wa mlima. Nasema ukuta kwa sababu pale Bremm, kwenye mlima wa Calmont, mteremko unafika nyuzi 65, wavunaji wanatembea kama mbuzi. Wewe uko chini unakanyaga bila jasho. Beilstein, Bernkastel, zote zina nyumba za mbao na udongo zilizoegemeana kama walevi.

Angalizo moja. Reli haifuati mto mwanzo hadi mwisho. Kati ya Traben-Trarbach na Schweich hakuna treni, kuna basi lenye tela la baiskeli, na tela likijaa limejaa. Mimi sikuweka nafasi mapema. Nikaishia kupiga kilomita za ziada gizani na taa inayokata kauli, na mke wangu kwenye simu akiuliza chakula akihifadhi au akigawe.

Boda Bila Injini (Lyon, asili Nyeri)

Mimi ni Bourgogne, mkoa wa mvinyo kaskazini mwa Lyon. Njia yangu ni Voie des Vignes, Beaune hadi Santenay, kilomita 22 hivi, unapitia Pommard, Volnay, Meursault na Puligny-Montrachet. Mashamba yamezungushiwa kuta za mawe zilizopangwa bila saruji, na kila kipande kina jina lake kama ng'ombe wa kwetu. UNESCO iliyaandika kwenye urithi wa dunia mwaka 2015. Jameni, nyinyi mmeona yale matrekta yenye miguu mirefu? Linapita juu ya mistari, dereva yuko ghorofani, mizabibu inapita katikati ya magurudumu. Mara ya kwanza lilinijia kwenye kona nikadhani ni nyumba inatembea. Msibishane nalo. Shukeni, mkae pembeni. Wakati wa mavuno, Septemba, ndio wana haraka zaidi, na huacha matope barabarani yanayoteleza kama sabuni.

Na mkikodisha baiskeli, jaribuni breki kabla ya kuondoka. Duka moja lilinipa yenye breki ya nyuma iliyokufa. Niligundua nikishuka Volnay. Nilisimamishwa na rundo la matawi yaliyopogolewa. Goti bado lina alama.

Mtoto wa Hombolo (Dodoma)

Wakuu wa Ulaya nimewasoma, sasa nipisheni kidogo. Mizabibu hata sisi tunayo, na yetu inavunwa mara mbili kwa mwaka, kwa sababu hakuna baridi ya kuilaza. Mkulima anapogoa, inachipua, anavuna, anapogoa tena. Ukija kati ya mwezi wa pili na wa tatu, au wa nane na wa tisa, utakuta vichala vinaning'inia.

Mimi natoka mjini alfajiri kuelekea Hombolo, jua halijaamka. Njia tulivu si kwa sababu ya vibao, ni kwa sababu hakuna anayepita ila mbuzi na wanafunzi. Vijiji vya mawe hatuna. Tuna mibuyu iliyokuwepo kabla ya kijiji chenyewe, na vikongwe watakaokusimulia Vijiji vya Ujamaa na nani alihamishwa kutoka wapi. Kwangu hiyo ni historia tosha.

Adui ni mbigiri. Siku yangu mbaya nilipata pancha nne, viraka vitatu. Nimekaa chini ya mti natafakari, bibi mmoja akatoka shambani kwake. Akaniangalia, akaiangalia baiskeli, akauliza: "Mjukuu wangu, unapeleka nini?" Nikasema sipeleki kitu, nafanya mazoezi. Akaguna. Akamtuma kijana akaleta kiraka na gundi. Tulipomaliza akaja na ndoo ya lita ishirini imejaa zabibu: "Basi kwa kuwa huna mzigo, mfikishie mwanangu pale barabarani."

Baiskeli yangu haina karia. Nimeitundika kwenye usukani kilomita 6 za mchanga, mkono mmoja kwenye ndoo.

Boda Bila Injini

Hahaha! Ndoo ilifika?

Mtoto wa Hombolo

Ilifika pungufu. Njia nzima nilikuwa nalinganisha uzito kwa kula.

Mwendo Pole

Mkuu, nawatumia Kilosa ujumbe huu sasa hivi. Nikija likizo Desemba nije na matairi ya upana gani?

Mtoto wa Hombolo

Milimita 40 kwenda juu, tyubu za akiba tatu, na uje na karia.