Hivi zimamoto wa mji mdogo wanafanya nini mwezi mzima kama hakuna moto?

ChipsiKavu_Stendi:
Habari zenu wakuu. Naomba kueleweshwa, matusi hapana. Hapa wilayani kwetu kuna kituo cha zimamoto jirani na stendi, gari moja tu jekundu, na kibanda changu cha chipsi kinatazamana na geti lao kwahiyo nawaona tangu asubuhi mpaka nafunga. Mwezi huu nimesikia king'ora mara mbili, na ile ya pili nikaambiwa ni zoezi. Siku zingine zote ni kuosha gari, kutandaza mipira ya maji, kuikunja tena, jioni voliboli. Sasa wiki jana wamekuja wawili na daftari wananiambia mtungi wa gesi utoke ndani, ninunue na ule mwekundu wa kuzimia moto, halafu kuna hela ya ukaguzi. Moto wenyewe haupo, kazi yao ni ipi kama sio kutusumbua sisi wa mtaji mdogo? Na ukitokea kweli si wanakuja bila maji 😂

Boda_wa_Mnadani:
Bila maji ndo jina lao la pili hilo. Hapa kwetu duka liliungua, wamefika tumeshamaliza na ndoo na mchanga, wakabaki kupuliza moshi.

Mstaafu_wa_114:
Mkuu nimekaa kwenye hiyo kazi miaka mingi, vituo vidogo tu huko wilayani, ngoja nikujibu taratibu.

Kwanza hiyo ya maji. Gari halitoki kituoni tupu, ni kosa kubwa hilo na zamu inayopokea asubuhi kitu cha kwanza ni tenki, kisha mafuta, betri, pampu inawashwa kabisa. Gari letu lilikuwa la lita 5,000. Ukifungua mpira mmoja unaotoa lita 500 kwa dakika, piga hesabu mwenyewe, dakika kumi umekwisha, na kwenye duka la mbao hufungui mmoja. Baada ya hapo unatafuta haidranti, yaani bomba la mtaani la kujazia gari la zimamoto, na mji mdogo haidranti ni mbili tatu, moja imefukiwa na barabara mpya, nyingine mtu kajenga juu yake kibanda. Basi gari linaondoka kwenda kujaza mtoni, wananchi wanaona linaondoka, ndo hadithi inapoanzia. Tumepigwa mawe sana kwa hilo.

Sasa mwezi wetu ulivyokuwa. Moto wa nyumba mmoja au miwili, kiangazi cha Agosti mpaka Oktoba unaongezea moto wa nyasi na mashamba. Zilizobaki ni uokoaji, hilo jina zima ni Zimamoto na Uokoaji watu wanasahau nusu. Ajali ya barabarani dereva kabanwa na usukani, unakata vyuma taratibu huku mtu anakuomba maji. Nyuki, tena hao tunawafuata usiku maana mchana wanatawanyika wanauma mtaa mzima. Na visima. Kisima ndo kinachoua kimya kimya, mtu anashusha pampu ya petroli ndani inanguruma kule chini, moshi unajaa, anashuka kuizima anaanguka, ndugu yake anamfuata, naye anaanguka. Nimewahi kutoa watatu wa familia moja siku moja. Sisi tunashuka na mtungi wa hewa mgongoni na kamba, na hayo mavazi kuyavaa haraka gizani hujui mpaka ufanye mara mia, hiyo mipira unayoona inatandazwa na kukunjwa ndo hayo mazoezi. Mpira ukikunjwa na maji ndani unaoza, siku ya tukio unapasuka.

Nasra_Mwl:
Namsapoti mstaafu. Shuleni kwetu walikuja wakagombana na mkuu wa shule sababu ya nondo za madirisha ya bweni na mlango mmoja unaofungwa na kufuli nje usiku. Tuliona wanatuonea. Yule dada mkaguzi akatuuliza mnaikumbuka Shauritanga? Sekondari ya kule Rombo, 1994, wasichana zaidi ya 40 waliungua bwenini wakafa. Mkuu hakujibu kitu. Mlango wa pili ulitobolewa likizo ile ile.

ChipsiKavu_Stendi:
Daah. Sawa nimeelewa, nyuki sikujua kabisa. Ila gesi kukaa nje si itaibiwa? Na huo mtungi mwekundu unanisaidia nini mimi mtu wa karai la mafuta?

Mstaafu_wa_114:
Jengea kijisanduku cha nondo ufunge kufuli, hewa ipite. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu kama moshi, inatambaa chini sakafuni kwako inasubiri cheche ya jiko la mkaa la jirani. Ukisikia harufu usiguse swichi, funga koki toka nje.

Karai likishika moto zima jiko, funika na sinia au kifuniko kikavu, uliache lipoe. MAJI USIMWAGE, yakizama kwenye mafuta ya moto yanageuka mvuke ghafla yanakurushia yote usoni. Huo mtungi mwekundu, wa unga kilo 6, ni wa moto ukishasambaa kibandani, na unatoa kama sekunde 15 hadi 20 tu kwahiyo usianze kuupulizia moshi. Vuta pini, simama mbali hatua mbili tatu, lenga chini kwenye chimbuko la moto, fagia kushoto kulia. Kila mwezi uangalie mshale wa geji ya mtungi uko kwenye kijani, uugeuze geuze unga usigande. Halafu cheti cha ukaguzi ni cha mwaka mmoja, risiti ya serikali udai, anayetaka mkononi usimpe.

Boda_wa_Mnadani:
Na hiyo 114, namba ya dharura ya zimamoto, mbona ukipiga wanakuhoji kama uko kituo cha polisi?

Mstaafu_wa_114:
Sababu watoto wanaipiga kuchekesha wenzao kutwa nzima, na mtu mzima akipiga anasema "moto huku kwetu njooni haraka" anakata. Kwetu wapi? Taja mkoa, wilaya, mtaa, alama inayojulikana, kinachoungua ni nini na kama kuna mtu ndani, usikate mpaka uambiwe ukate. Dakika zingine tunapotezea hapo, na zingine getini kwenyewe, unakuta mtu kapaki mbele ya geti kwenda kula.

ChipsiKavu_Stendi:
Mkuu hilo geti la kituo cha kwetu, guta langu la viazi huwa nalipaki hapo asubuhi nikishusha mzigo, nusu saa tu lakini.

Mstaafu_wa_114:
Ndo hilo hilo.

ChipsiKavu_Stendi:
Basi kesho nalisogeza kwa muuza mitumba. Ila wasinipigie hesabu ya ukaguzi wa guta jamani.