Naomba ushauri: chokaa hii iliachwa na chemchemi ya moto au ya baridi?

Wakuu habari zenu. Naombeni msaada wa wenye ujuzi wa miamba.

Kuna bonde kavu lenye ngazi za mawe meupe yaliyojaa vitundu. Nimeyadondoshea siki yakatoa povu, kwa hiyo ni chokaa. Kombe za baharini sijaona hata moja. Zipo alama za majani, matete na konokono wa mtoni. Hilo ndilo linalonishangaza kuliko yote: jani limeoza zamani sana, umbo lake limebaki ndani ya jiwe.

Ninavyofahamu, maji ya ardhini yenye kaboni dioksidi huyeyusha chokaa, na yakitokeza juu gesi hutoka, chokaa ikaganda tabaka juu ya tabaka. Ngazi nyeupe za chokaa za Pamukkale, Uturuki, ni kazi ya maji ya moto. Kule kwenye maziwa ya Plitvice, Kroatia, chokaa huachwa na maji ya baridi, yakisaidiwa na mwani na mimea midogo.

Je, alama za majani zinatosha kuthibitisha maji yalikuwa baridi, au hata chemchemi ya moto huziacha maji yakishapoa mbali na chanzo? Na kwa kupima umri wa jiwe kwa urani na thori (elementi zenye mionzi), nichukue sampuli sehemu ipi, maana vitundu vingi vimejaa udongo?