Naomba ushauri: nawahojije mabaharia wa meli za uvuvi wakafunguka kweli?

Habari wakuu, nafanya utafiti kuhusu maisha ya kazi na afya ya akili ya mabaharia wa meli kubwa za uvuvi, zile zinazokaa baharini wiki hadi miezi, sasa nimekwama kwenye mahojiano. Nikiwakuta bandarini wanashusha samaki, nahodha kasimama pale pale, kila ninayemuuliza ananijibu "tuko poa tu", halafu baadae pembeni mmoja ananiambia analala masaa manne.

Mkataba namba 188 wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) wa mwaka 2007 kuhusu kazi ya uvuvi unasema meli ikikaa baharini zaidi ya siku tatu mtu apate mapumziko yasiyopungua masaa 10 kwa siku na 77 kwa wiki, ila samaki wakija nani anaangalia saa jamani. Na wengi wanalipwa kwa mgao wa mavuno, safari ikiwa mbaya karibu hamna kitu, kwahiyo mtu mwenyewe anajikaza asilale, na jambo hilo dodoso langu halilinasi kabisa.

Nimewaza niwape kidaftari waandike masaa ya kulala wakiwa huko huko, lakini kikikamatwa si ntawaponza? Au nisubiri waliokwisha acha kazi? Hao wako huru kuongea ila kumbukumbu nazo zinachuja, na waliovunjika moyo ndo wanaacha mapema, picha itaegemea upande mmoja.

Waliowahi kufanya kazi melini au kuhoji watu wa hivi, mlianzaje? Msimamizi wangu anasema niongeze sampuli tu, mi naona sio tatizo la idadi.