Bosi katoa milioni moja na laki mbili za kuwapongeza mafundi, nigawe vipi?

Dada wa Spea (Arusha)

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo yenu, hasa nyie mnaosimamia watu.

Mimi ni mtunza stoo na msimamizi kwenye gereji moja upande wa Unga Limited. Kazi yetu kubwa ni magari ya utalii. Mlioko Arusha mnajua Aprili na Mei kunavyokuwa: mvua zinanyesha, wageni wanapungua, kampuni zinaleta magari gereji kwa mkupuo ili Juni ikifika yawe tayari kupanda Serengeti. Springi zimekatika, bushi zimeisha, shokapu zinavuja, maana ile barabara ya vumbi ya kutoka Ngorongoro kwenda Naabi haina huruma na chuma. Mwaka huu vijana wamepiga kazi kwelikweli. Hakuna gari lililopitisha tarehe tuliyoahidi, na mpaka leo hakuna lililorudi likivutwa.

Bosi amefurahi. Juzi kaniita ofisini, akaniambia ametenga shilingi 1,200,000 za kuwashukuru, nimpelekee mapendekezo kabla mwezi haujaisha. Wazo lake yeye ni achaguliwe fundi bora mmoja, anunuliwe jokofu, na picha yake ibandikwe pale getini. Mwaka 2024 Mei Mosi ya kitaifa ilipofanyika hapa kwetu, uwanja wa Sheikh Amri Abeid, alikuwepo, na jinsi wafanyakazi hodari wanavyoitwa mbele ilimgusa sana. Namheshimu kwa hilo. Mabosi wangapi wanakumbuka hata kusema asante?

Shida yangu ni kwamba tuko watu kumi na wawili, na gari halitengenezwi na mtu mmoja.

Tuna kijana anayeosha magari kwa mashine ya presha kabla hayajaingia shimoni. Mshahara wake ndio wa chini kuliko wote. Kijana huyu anatembea na kipande cha chaki mfukoni. Akishatoa tope lote la chini anaingia na tochi, anapitisha vidole kwenye chesisi taratibu, na akikuta kitu kisichomridhisha anakizungushia duara jeupe. Hakuna aliyemtuma. Mwezi Mei ililetwa Land Cruiser moja, shida yake bushi tu. Kijana akachora duara pale boksi la usukani linapofungwa kwenye chesisi. Mimi niliangalia sikuona kitu. Mchomeleaji akakwangua rangi, ufa ukajitokeza, mwembamba, urefu wa kidole. Gari lile lilikuwa linaondoka na wageni alfajiri ya kesho yake. Dereva alipokuja kulichukua alimshukuru sana mchomeleaji, akamwachia na hela ya soda. Kijana wa kuosha alikuwa pembeni anakunja mpira wa maji.

Sasa tukienda na fundi bora mmoja, jokofu litachukuliwa na fundi wa injini, kwa sababu ndiye madereva wanayemtaja. Ni fundi mzuri, sina neno naye. Ila wale kumi na mmoja watakuwa wanapita pale getini kila asubuhi. Nikisema nigawe sawasawa, laki moja moja, aliyejituma na anayesubiri kusukumwa wanapata kitu kilekile. Nyie mngefanyaje?

Mzee wa Kiboriloni (Moshi)

Binti yangu, hongera kwa kuliwaza jambo hili. Nimekuwa afisa utumishi mpaka nilipostaafu, naomba nikueleze ninavyolitazama.

Kabla ya zawadi, fungua kitabu cha mahudhurio cha Aprili na Mei. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni ovataimu, na kiwango chake si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa, tena haitakiwi kuvuka saa 50 katika wiki nne. Akifanya kazi siku yake ya mapumziko ya wiki, au sikukuu, ni mara mbili. Hakikisha hakuna anayedai hata saa tano. Mwenye deni lake mkononi mwenu, hiyo zawadi ataiona ni jasho lake mwenyewe analorudishiwa, tena pungufu. Nimewaona watu wanapokea fulana na kanga za pongezi huku wanadai malimbikizo. Wanapiga makofi, wanarudi kwenye mashine, na kazi inabaki ilivyokuwa.

Alikuwepo Mmarekani anaitwa Frederick Herzberg. Mwaka 1959 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh. Waliwaomba waeleze ni lini walijisikia vizuri sana kazini, na ni lini vibaya sana. Manung'uniko yaliegemea taratibu za kampuni, wasimamizi, mshahara na mazingira. Furaha iliegemea kazi iliyofanikiwa, kutambuliwa na kupewa dhamana. Wapo waliompinga, lakini kwa niliyoyaona mimi, mtu ukimlipa haki yake anaacha kununa, kujituma hajaanza bado. Kujituma kunataka kitu kingine, na hicho hakiwezi kuja haki ikiwa bado inadaiwa.

Kwenye kugawa, sisi wa huku tumelelewa na kahawa. Mkulima akipeleka kahawa chama cha msingi anapata malipo ya awali. Mnada ukienda vizuri yanakuja malipo ya pili, na kila mmoja anapata kwa kilo zake. Hakuna anayebeba malipo ya pili ya kijiji kizima. Msimu wenu umeuzwa vizuri, kila aliyepeleka debe lake apate chake.

Na usisahau kodi. Fedha taslimu ni mapato ya ajira, inaingia kwenye PAYE ya mwezi huo. Ambaye jumla yake inapita 270,000 kwa mwezi atakatwa. Mwambieni mapema, asije akaahidiwa laki akapokea pungufu.

Spana ya Sakina

Dada naongea kama fundi. Nimeshika spana tangu utotoni gereji ya mjomba, cheti sina hata kimoja. Gia boksi ya otomatiki naifungua na kuirudisha, lakini nikienda kampuni kubwa wananiuliza karatasi. Mimi nisipopata jokofu silalamiki. Nipelekwe VETA. Wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia kazini, akifaulu anapewa cheti kinachotambulika. Bosi wa kunifanyia hivyo sijampata.

Watakwambia akishapata cheti ataondoka. Mimi nimeshahama gereji zaidi ya moja bila cheti.

Na huyo kijana wa chaki msimwache kwenye kuosha tu. Mtu anayeona ufa kabla ya mchomeleaji ni fundi tayari.

Mama Laundri (Usa River)

Nasimamia usafi wa vyumba kwenye lodge. Mwajiri wangu wa zamani alikuwa na mfanyakazi bora wa mwezi, picha ukutani, cheti, kila kitu. Mwanzoni watu walichangamka. Baadaye meneja akaogopa lawama, ikawa zamu: mwezi huu jikoni, mwezi ujao bustani. Wafanyakazi wakawa wanajua aliyeko ukutani yuko pale kwa sababu zamu ya idara yake imefika. Dada, mwambie bosi picha aiweke pembeni.

Hapa nilipo sasa tuna boksi moja la bakshishi. Mgeni humpa anayemwona, yaani mhudumu wa mezani au aliyembebea begi. Aliyepiga pasi mashuka usiku hamwoni. Basi zote zinaingia kwenye boksi, mwisho wa mwezi linafunguliwa mbele ya mwakilishi wa kila idara, zinahesabiwa kwa sauti, hesabu inabandikwa ubaoni. Kwenu hela za soda zinaweza kufuata njia hiyo.

Halafu kuna maneno yenyewe. "Hongereni kwa kazi nzuri" haimfikii mtu. Mwaka jana tuliletewa dawa mpya ya madoa. Dada mmoja wa laundri akasimamisha mashine katikati ya kazi, kwa sababu alipokamua taulo nyuzi zilibaki kiganjani. Meneja alishuka mpaka laundri, akashika lile taulo, akamwambia, "Nionyeshe ulichokiona." Akasikiliza mpaka mwisho, akaagiza dawa yote irudishwe, akamwambia mbele ya wenzake kwamba ameokoa taulo za lodge nzima. Hakumpa shilingi siku ile. Dada yule sasa ndiye anayejaribu kila dawa inayoingia, na anawafundisha wapya.

Ila muulize mtu kwanza. Wapo wanaoona aibu kusimamishwa mbele, hao wafuate pembeni.

Mwalimu wa Pasua

Nichangie kidogo tu. Msije mkaweka bei kwenye chaki. Mkitangaza kila duara lina elfu tano, mtapata maduara mengi. Mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett walichapisha utafiti wa watoto wa chekechea huko Marekani waliokuwa wanapenda kuchora wenyewe. Walioahidiwa cheti kwanza ndipo wakachora, baadaye walipoachwa huru walichora kidogo kuliko wenzao. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa, baada ya kuchora, hawakupungua. Watoto si mafundi, najua, lakini darasani nimeliona hilo mara nyingi. Kijana anachora kwa sababu hataki gari lidhuru mtu. Mshukuruni kwa hilo.

Dada wa Spea (Arusha)

Mzee wangu shikamoo, na asanteni wote. Nimekaa na bosi leo mchana, nawaletea majibu.

Kitabu cha mahudhurio nimekifungua. Ovataimu za siku za kazi zimelipwa sawa. Jumapili mbili za Mei zimelipwa kwa mara moja na nusu badala ya mara mbili. Nimempelekea mhasibu, bosi ametia saini, tofauti inaingia na mshahara wa mwezi huu, nje ya ile 1,200,000. Nilipowaambia vijana wakati wa chai ya saa nne, walichangamka kuliko nilivyotegemea, na zawadi yenyewe nilikuwa bado sijaitaja.

Jokofu ameliachia, kwa shingo upande. Tumekubaliana kila mtu apate 60,000, wote kumi na wawili, hiyo ni 720,000, na wenye kukatwa PAYE wamejulishwa. Inayobaki, 480,000, ni ya kuwapeleka VETA kupimwa, kuanzia mchomeleaji na msaidizi mmoja wa injini ambaye hali yake ni kama ya Spana ya Sakina. Ada nafuatilia kesho. Ikibaki chochote anaongezwa mwingine.

Mama Laundri, la boksi la pamoja nililigusia, wakagawanyika. Fundi wa injini amekataa. Anasema dereva anampa yeye kwa sababu usiku gari likizima porini ni yeye anayepokea simu na kumwelekeza. Kwa kweli ana haki, simu hizo hazimo kwenye ovataimu yoyote. Nimeliacha hilo, badala yake nitaomba simu za usiku nazo ziandikwe na zilipwe. Maneno yako ya "nionyeshe ulichokiona" nimempa bosi kama yalivyo. Kesho anashuka mwenyewe shimoni.

Kuhusu kijana: nimependekeza kadi ya kazi iongezwe mstari wa ukaguzi wa kwanza, na saini iwe yake. Gari lisiingie shimoni kabla hajasaini. Bosi amekubali papo hapo. Mzee, umeliona vipi hili?

Mzee wa Kiboriloni (Moshi)

Marahaba binti. Ni zuri, lakini ukimpa saini umempa na dhamana. Siku gari likileta matatizo watatafuta jina lililo kwenye ule mstari. Hawezi kubeba dhamana ya mkaguzi kwa mshahara wa kuosha. Apewe barua yenye cheo kipya, kiwango kipya na tarehe ya kuanza, nakala iingie kwenye faili lake. Na atafutwe mtu wa kushika ile mashine ya presha, vinginevyo mtakuwa mmemwongezea kazi mkaita pongezi.

Dada wa Spea (Arusha)

Nimekuelewa mzee. Hata mimi la mshahara lilinipita kwa sababu ya furaha ya bosi kukubali. Barua naiandaa usiku huu, na mstari wa saini haupigwi chapa kwenye kadi mpaka kiwango kipya kiwe kimeidhinishwa. Wa kuosha yupo, mdogo wake mchomeleaji ameomba kazi tangu mwezi uliopita.