Mjadala: Aliyeua kulungu kwa kosa akajisalimisha mwenyewe, aadhibiwe au aachwe?

Wakuu, salaam. Huku Pennsylvania, Marekani, msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki hufunguliwa Jumamosi baada ya Thanksgiving (sikukuu ya shukrani, mwishoni mwa Novemba), na sisi Waswahili wachache tunaowinda tuna ubishi wetu ule ule kila mwaka. Safari hii naumwaga hapa, wadau mchangie.

Kwa wasioijua hali ya huku: dume la kulungu wa mkia mweupe huota pembe zenye matawi kila mwaka, kisha huzidondosha msimu wa kupandana ukishapita. Tangu 2002 mwindaji mtu mzima haruhusiwi kupiga dume mpaka upande mmoja wa pembe uwe na angalau ncha 3. Kanda za magharibi wanataka ncha 3 bila kuhesabu ile ya chini kabisa karibu na paji la uso. Watoto wana unafuu wao. Kabla ya hapo madume yalikuwa yanamalizwa yakiwa na mwaka mmoja na nusu, hata hayajakomaa. Mwanabiolojia aliyeisimamia kanuni hii, Gary Alt wa Tume ya Wanyamapori ya jimbo, alitishiwa maisha hadi akawa anaingia mikutanoni amevaa fulana ya kuzuia risasi. Kisa pembe za kulungu! Mjue tunaishi na watu gani.

Sasa kisa chenyewe. Jamaa yangu mmoja alikuwa kwenye kichanja chake juu ya mti, jioni, ndani ya ile nusu saa baada ya jua kuzama ambayo sheria bado inaruhusu kupiga. Dume likatokea, likasimama ubavu. Akahesabu ncha kwenye darubini ya bunduki: moja, mbili, tatu. Akafyatua. Kufika pale na tochi, ncha ni mbili. Ya tatu ilikuwa kijiti cha mti kilichosimama nyuma ya pembe.

Hapo mtu ana njia tatu. Amwache aoze aondoke zake. Akate kichwa akifukie, nyama iende nyumbani kimya kimya. Au apige simu kwa afisa wanyamapori. Jamaa alipiga simu.

Sheria ya jimbo ina kifungu maalumu cha aliyeua kwa kosa. Unatoa matumbo papo hapo ili nyama isiharibike, unafunga tagi (lebo ya mwindaji), unakabidhi mzoga kwa afisa ndani ya muda wa saa 12, unaandika maelezo ya lini, wapi na ilikuwaje. Afisa akiridhika, unalipa fidia ya dola 25 na hupelekwi mahakamani.

Msimamo wangu: kifungu hiki kibaki kama kilivyo. Msituni hakuna shahidi. Ukimpa mkweli adhabu ile ile ya jangili, mwaka unaofuata kila mtu atapanda kichanjani na koleo lake.

Ila nakataa kabisa kuiita bahati mbaya. Risasi ikipita kwa uliyemlenga ikampata aliye nyuma ambaye hukumwona, hiyo naweza kuijadili. Kuhesabu kijiti ukakiita pembe ni haraka tu. Mnyama hakuwa anakimbia. Angengoja ageuze kichwa, hasara kubwa ingekuwa kumkosa, na kumkosa hakujawahi kumuua mtu. Kwa hiyo nasema: asishtakiwe, lakini nyama na pembe asivione tena. Karibuni.

Kichaka Cheupe: Mkuu, unambembeleza mwenzio. Aliyeshika bunduki ana kazi moja, kujua anachokipiga. Mwaka 2022 huko Montana mwindaji alimpiga mbwa wa husky, akamchuna, akaweka na picha mtandaoni akijisifu ameua mtoto wa mbwa mwitu. Naye alikuwa "amekosea". Leo ni kijiti, kesho ni mtu aliyeinama kufunga kamba za viatu. Mimi nasema leseni ifungwe mwaka mzima, aliyepiga simu na asiyepiga. Huruma ya dola 25 ndiyo inayozaa haraka unayoilalamikia.

Wakili wa Kijiweni: Naunga mkono hoja ya Kichaka, na naongeza mfano. Mwaka 1995 serikali ilirudisha mbwa mwitu hifadhi ya Yellowstone kutoka Kanada. Mwezi Aprili dume mmoja akapigwa karibu na Red Lodge, Montana, jike wake akabaki na watoto wanane. Mpigaji akajitetea kwamba alidhani ni mbwa koko. Alitiwa hatiani, na mwaka 1998 mahakama ya rufaa ikasema haihitajiki kuthibitisha kwamba alimtambua mnyama. Inatosha alijua anapiga mnyama, na mnyama akawa ni wa kulindwa. Mwaka uliofuata Wizara ya Sheria ikawaelekeza waendesha mashtaka wasifungue kesi za namna hiyo kama hawawezi kuthibitisha mpigaji alijua ni spishi gani. Tangu hapo "nilidhani ni koyote" (mnyama anayefanana na mbwa mwitu ila mdogo) imekuwa wimbo wa taifa. Ukishaweka mlango wa kosa kwenye sheria, waongo ndio wa kwanza kupita.

Mama Zuwena: Kaka yangu, mimi siwindi, ila kulungu huishia jikoni kwangu. Mume wangu akileta nyama swali langu la kwanza ni kama alipiga bismillah kabla ya kufyatua. Ncha ngapi, sijui. Ninachoomba ni kimoja: mnyama ameshakufa, msimtupe. Watu wanafukuza mbwa hapa, watu wanafukuza mbwa mwitu, hakuna aliyetaja nani anakula. Kuna familia tulizokuja nazo kutoka kambi ya wakimbizi zinapiga foleni ya chakula cha msaada kila wiki.

Mtu wa Ruaha: Mnajadili dola 25, nyumbani tunajadili miaka 20. Sheria yetu ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 ukikutwa na nyara ya serikali unaongelea miaka 20 hadi 30. Mwaka 2023 Iringa mama alihukumiwa miaka 22 kwa vipande vya nyama ya swala, mpaka Mahakama Kuu ilipomwachia. Hakuwa hata na manati. Halafu pita barabara ya Mikumi: kuna bango limeorodhesha bei ya kila mnyama ukimgonga kwa gari. Swala huyo huyo! Mwenye gari anasoma bei analipa, mwenye sufuria anapandishwa karandinga. Kwa hiyo mkuu, shukuru.

Mleta mada: Nashukuru wote. Nianze na Wakili, kwa sababu mfano wake ndio mzito, ila ameuacha nusu. Yule wa Red Lodge hakupiga simu. Alichukua ngozi na kichwa, kola ya redio ya kumfuatilia mnyama ikatupwa. Utetezi wa mbwa koko ulikuja baada ya kufikiwa. Mlango uliofunguliwa pale ni wa anayeeleza akiwa ameshakamatwa, na huo hata mimi naufunga. Kifungu cha Pennsylvania kinamhitaji mtu aseme kabla hajaulizwa, na mzoga mkononi. Mwongo gani anajipeleka kwa afisa saa tatu usiku na dume la ncha mbili nyuma ya gari?

Kichaka, kumfungia leseni asiyepiga simu inabidi kwanza umjue, na njia pekee ya kumjua ni hiyo simu. Hoja ya mtu anayefunga viatu naikubali, lakini hiyo si habari ya pembe. Aliyepiga bila kujua kama ni mnyama au binadamu ana sheria nyingine kabisa, na hata mimi nitashika kamba ya kumfunga.

Mtu wa Ruaha, umenisaidia kuliko ulivyokusudia. Mwanzo ukiwa miaka 20, kijijini nani atajitokeza aseme mtego wa nguruwe pori umenasa swala? Anafukia, basi. Na maafisa wanabaki na takwimu za waliokamatwa tu.

Mama Zuwena, hapo sina ubishi. Tangu 1991 jimbo hili lina mpango wa wawindaji kutoa nyama ya kulungu kupitia bucha maalumu, inagawiwa kwenye vituo vya chakula. Mzoga wa kosa uende huko moja kwa moja, kwa gharama ya aliyepiga: yeye ndiye amlipe bucha kukata na kufunga. Hiyo itamuuma kuliko dola 25, na kuna mtu atakula.

Kilichobaki ambacho hakuna aliyekigusa ni mara ya pili. Mtu anapiga simu mwaka huu, anapiga simu mwaka ujao, maelezo ni yale yale ya kijiti na giza. Mimi huyo simwiti mkweli tena, leseni ikae kabatini misimu miwili. Mnaopinga, leteni hoja.